Friji Lenye Masikio

"Wanalia! Tazameni, jamani, wanalia machozi ya kweli!"

Bedřich Vykoukal aliisukuma simu yake katikati ya meza, ikapita kando ya sahani ya jibini na kugonga glasi ya Padri. Kwenye kioo, mgombea ugavana wa jimbo moja la Marekani alikuwa jukwaani, sauti imemkaba, akiwasomea maelfu ya watu kisa cha mwananchi mnyonge aitwaye Earl. Mkulima wa mahindi huyo alinunua friji jipya la kuunganishwa na mtandao. Friji likamsikia akimsifu meya wa chama kingine, likajifunga, likamnyima siagi. Umati ulikuwa unapaza sauti: "Siagi! Siagi! Siagi!"

Umati ule haukujua kwamba Earl alizaliwa kwenye meza hii hii ya pembeni, kilabuni kwa Hana, mjini Olomouc, Jumamosi moja ya mvua, wakati wanangoja bia. Baba yake mzazi alikuwa Bedřich, dereva mstaafu wa tramu, ile treni ya mitaani. Wenzake walimbandika jina la Seneta kwa kuwa hamjui diwani wa mtaa wake, ila wagombea wa Marekani anawajua hadi majina ya mbwa wao. Aliandika kisa kwa Kicheki, simu ikatafsiri kwa Kiingereza, akakituma mtandaoni, akasahau.

"Kwa hiyo umekuwa mtu mkubwa," alisema Padri, akijifuta povu la bia mdomoni. Huyu jina lake halisi ni Přemysl. Hupiga kinanda kanisani kila Jumapili na haamini chochote kinachosemwa humo, ndiyo maana wakamwita hivyo. "Unawaliza Wamarekani ukiwa umevaa kandambili."

"Ngoja usikie na upande wa pili!" Seneta alikuwa hajiwezi kwa raha. "Mpinzani wake kajibu. Unadhani kasema ni uongo? Thubutu! Kasema friji lilifanya vizuri, maana wafuasi wa chama kile wana mafuta mengi mwilini!"

Hana, mwenye kilabu, alicheka hadi akaiweka trei mezani. "Taifa zima hilo halina mtu hata mmoja wa kuuliza friji gani hilo?"

"Atauliza saa ngapi? Kule kampeni mpya inaanza kabla hawajafagia makaratasi ya ile iliyopita. Halafu wana vyama viwili tu, mama. Viwili, kama soksi! Ukikataa cha kushoto umekubali cha kulia."

"Na sisi tunavyo vingapi?" Padri akauliza. "Posta inatuletea bahasha nene, karatasi za kura za vyama vyote. Mimi nakaa mezani nazichambua kama uyoga. Huu una sumu, huu una sumu, huu haukuui ila utakuharisha."

"Lakini angalau hakuna anayelia, Padri! Mcheki akimwona mwanasiasa analia, anashika mfuko wake kwanza!"

Wakacheka, Hana akaongeza bia bila kuulizwa. Seneta alijisikia mwepesi kama kijana. Maisha yake yote aliendesha tramu kutoka stesheni hadi mwisho wa mji na kurudi, na hakuna abiria aliyewahi kugeuka kumtazama. Leo maneno yake yalikuwa yanapigiwa makofi ng'ambo ya bahari.

Hapo ndipo Luboš alipoingia, maji yakimchuruzika kwenye kofia. Meza nzima humwita Injinia, si kwa shule, bali kwa kuwa kila kifaa kinachotoka dukani lazima akinunue. Ana saa inayomwambia kama amelala vizuri, na asipoiamini anamwamsha mkewe aithibitishe. Leo mkono wake haukuwa na saa.

"Injinia! Njoo umwone mwanetu Earl," Seneta alimpokea. "Kile kipande chako cha kibaniko cha mkate nacho kimesomwa!"

Maana kweli, siku ile ya mvua ni Injinia aliyeongezea kwamba friji lilikwenda kumshtaki Earl kwa kibaniko, kibaniko nacho kikaanza kumuunguzia mkate upande mmoja.

Injinia hakucheka. Alizichukua simu zote mezani, moja moja, akazipeleka hadi kwenye rafu ya nguo karibu na mlango na kuzifunika kwa koti lake. Kisha akakaa.

"Nimelitoa," alisema kwa sauti ya chini.

"Umetoa nini?"

"Friji. Liko uani. Nimemlipa jirani tukalishusha ngazi zote."

Padri alimtazama Seneta, Seneta akamtazama Hana.

"Acha zako, Injinia," alisema Seneta. "Unatupiga kamba."

"Mamia ya watu wamejitokeza, Seneta. Nimesoma tangu alfajiri. Kuna mama friji lilimnyima nyama ya nguruwe kwa sababu alimteta jaji. Kuna mzee alisema kodi ni kubwa, barafu ikayeyuka. Wote hao ni waongo?"

"Ndiyo! Wote! Kwa sababu mimi ndiye niliyetunga! Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, unakula soseji ya siki!"

"Nilikuwepo," Injinia alikubali kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Sisemi hukutunga. Ulitunga. Halafu ikawa ni kweli."

"Ikawaje ni kweli?"

"Jiulize wazo ulilipata wapi. Simu yako ilikuwa wapi siku ile? Mezani. Nani alikupa wazo?"

"Ulevi ndio uliompa wazo," alisema Padri.

"Na ulevi nani aliupa?" Injinia akamgeukia kwa ukali.

Seneta akasonya. Aliinuka, akaiendea rafu, akafukua simu yake chini ya koti. "Nalimaliza jambo hili sasa hivi. Namwandikia kila mtu: mimi ndiye Earl, naishi Olomouc, sina shamba, sina mahindi, nilikuwa nafanya utani. Basi."

Kabla ya kumruhusu, mtandao ulimtaka athibitishe kuwa ni binadamu. Ulimpa picha ndogo ndogo achague zenye taa za barabarani. Akachagua. Ukamkatalia.

"Nimesimama kwenye taa za barabarani maisha yangu yote!" alifoka. "Leo mashine inaniambia sizijui!"

"Labda unazijua kwa Kicheki tu," alisema Padri.

Mwishowe ilimkubali. Akaandika, akabonyeza, akakunja mikono kifuani. Majibu hayakuchelewa. Hana alichungulia juu ya bega lake na kuwasomea wengine tafsiri: "'Umelipwa dola ngapi?' 'Roboti wewe.' 'Earl wa kweli yuko wapi, mmemfanya nini?' Huyu anasema, 'Earl alikuwa jirani yangu, mtu mwema sana, hakuwa na maneno mengi.' Kuna mwingine kamchora. Ona, kampa ndevu."

Seneta aliitazama picha. Mzee mwenye ndevu na macho ya huruma alikuwa amesimama mbele ya friji, nuru ikimwangukia usoni. Chini ya picha watu walikuwa wameanza kuweka vijipicha vya mishumaa. Raha yote ilimtoka. Mtoto wake alikuwa amechukuliwa, amevishwa nguo nyingine, sasa anafanyiwa matanga, na baba mzazi anafukuzwa msibani.

"Unaona?" alisema Injinia, na hakuwa anakejeli. "Wamekwishamnyamazisha."

"Luboš, ndugu yangu. Nisikilize mimi. Umenifahamu tangu tunanyoa ndevu za kwanza. Unaniamini mimi au unawaamini watu wasio na majina?"

Injinia alifikiri sana. "Wewe uko peke yako, Seneta," alisema. "Wao ni wengi."

Neno hilo lilimwingia Seneta kuliko matusi yote ya Marekani.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliyeingia alikuwa Jarmila, mke wa Injinia, na sanduku la safari mkononi.

"Shemeji, karibu..." Padri alianza.

"Shemeji mwenyewe! Yuko wapi mtaalamu?" Alimwona mumewe, akaliweka sanduku chini. "Luboš, kesho mjukuu wetu anabatizwa. Saladi ya viazi ya watu wote wale iko ndani ya friji. Friji liko uani. Linanyeshewa mvua, na paka wa jengo zima wamelizunguka."

"Jarmila, tulikuwa tunasikilizwa..."

"Wewe? Nani akusikilize wewe? Mimi niliyekuoa ilinishinda!" Hana aligeukia dirisha kuficha kicheko. "Nimevumilia saa ya usingizi. Nimevumilia redio iliyofungiwa kwenye sufuria. Lakini kunitolea friji nje, siku ya kupikia ubatizo, bila hata kuniuliza! Nakwenda kwa dada yangu, mjini Přerov. Na safari hii sirudi Jumatatu."

Sauti yake ilitetemeka mwishoni, na hapo mzaha ukaisha kilabuni. Injinia aliinama. Akamgeukia Seneta kama abiria aliyepitishwa kituo chake.

"Na wewe, Earl!" Jarmila akamnyooshea kidole. "Unadhani sijui nani aliyeyaanzisha? Mnakaa hapa mnawacheka Wamarekani kuwa wajinga. Mjinga wa kwanza mmempata meza hii hii!"

Seneta alimeza mate. "Shemeji, likirudi mahali pake kabla hujafika kituoni, utabaki?"

"Likirudi, na likiwaka, na saladi ikiwa haijaliwa, nitafikiria." Akaketi kwenye kiti cha mumewe. "Hana, nipe bia ndogo. Mkichelewa nitaagiza kubwa."

Wanaume watatu walitoka mbio mvuani. Friji lilikuwa uani kama Jarmila alivyosema, jeupe, refu, limelowa, paka wawili juu yake. Padri aliwafukuza. Seneta akafungua mlango: saladi ilikuwa salama, na ubaridi kidogo bado upo. Waliliinua, Injinia mbele, wao wawili nyuma, wakaanza kupanda ngazi za jengo lile la zamani lisilo na lifti.

"Mmechomoa mtandao wake?" Seneta aliuliza huku akihema.

"Halina hata umeme," alisema Injinia kutoka juu. "Ila sijui. Wanasema lina betri ndani."

"Hakuna betri ndani."

"Ndivyo wanavyotaka ujue."

Wakapumzika kwenye kona ya ngazi. Jasho lilimtiririka Seneta shingoni. Alitaka kusema kitu cha kuwachekesha, kama kawaida yake. Alitaka kusema kwamba yule mgombea wa machozi, akishinda, ataunda wizara ya siagi na kuikabidhi kwa shemeji yake. Utani ulikuwa mzuri. Alilitupia friji jicho, akajisogeza hadi kwenye sikio la Padri, akaweka kiganja mdomoni na kuusema.

Padri hakucheka.

"Mbona unanong'ona?" aliuliza.

Naye aliuliza kwa kunong'ona.

Waliliinua friji tena, taratibu, wakaendelea kupanda kwa ncha za vidole vya miguu.