Fuwele za Yaya Huguette

Jumatatu, 9 Juni 2025
Yaya Huguette, dada yetu mkubwa, amefika kutoka Ubelgiji! Binti ya mama mukubwa, profesa, na bado anakula bukari kwa mkono kama sisi. Ametuonyesha fuwele mbili nyeusi, ndogo kuliko punje ya mchele. Kobalti ndani yake imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama bitenge ndani ya sanduku. Huko Ulaya watazipoza sana, kisha wazipashe joto polepole, huku mionzi ya X ikionyesha elektroni zinavyobadili makao. Zamu kwenye mashine ya mionzi hiyo ameingoja miaka. Kichwa gani hicho! Anatafuta pia msaidizi wa kusafiri naye. Modeste, yule mwanafunzi jirani mwenye miwani, tayari anambebea mkoba. Tutaona.

Jumanne, 10 Juni
Mionzi ya X mi naijua! Kule Musonoi, kwenye depo tunakouza mawe, mnunuzi ana kimashine cha mionzi kinachosoma asilimia ya kobalti. Kila mchimbaji anajua: osha kwanza, udongo utoke, asilimia ipande. Modeste hajui hata hilo, maskini. Yaya alipokwenda kwenye maombi, nikachukua fuwele moja. Maji, sabuni, mswaki. Imeng'aa ajabu!

Jumatano, 11 Juni
Balaa. Yaya amelia. Akasema maji yameingia kati ya tabaka na kuzitenganisha, hakuna kipimo tena. Nikauliza kama asilimia imepanda. Modeste akacheka hadi miwani ikaanguka. Yaya akafuta machozi, akapanga vijiti vya kiberiti mezani, akanieleza upya, polepole, jinsi joto linavyohamisha elektroni. Mutu gani huyu! Umemharibia kazi, yeye anakufundisha. Nimeona aibu, nimempenda zaidi. Imebaki fuwele moja. Hiyo nayo ikipata maji, amesema, zamu yake imekwenda bure.

Alhamisi, 12 Juni
Yaya anaondoka leo jioni. Msaidizi ni Modeste. Sawa, nimemeza. Lakini mi si nilisikia kwamba fuwele inataka baridi? Na kichupa chake wamekiacha mezani, juani! Yaya akiwa anaagana na majirani, nikaitoa fuwele, mbio hadi kwa mama Mujinga anayeuza samaki wa barafu. Nimeilaza juu ya samaki, wazi kabisa, baridi ipenye mpaka ndani. Umeme umekatika, barafu inayeyuka kidogo, si neno. Nasikia yaya ananiita barabarani kwa sauti kubwa. Nakwenda kupokea asante yangu. Modeste arudi tu kwao.