Mitatu Yasimama, Miwili Yakimbia

Leo nimeumbuka.

Nawaandikieni nyote wa baraza ya Wete kabla goti langu halijaacha kuvuja damu, kwa sababu kesho asubuhi gari la abiria litapita hapo kwenu, na dereva wake alikuwepo Kengeja. Alikaa juu ya boneti akaona kila kitu. Afadhali mnisikie mimi kwanza. Hadithi yake itakuwa na chumvi. Yangu haihitaji.

Habari ya mwaka jana mnaijua. (Asiyeijua alikuwa hayupo kisiwani.) Mzee Shaame wa Kengeja aliniita nikampigie picha ng'ombe wake kwenye mchezo wa ng'ombe. Fahali huyo anaitwa Taratibu. Alipewa jina akiwa ndama, na tabia yake ilipokuja kuonekana mwenyewe alikuwa keshalizoea. Ukimwita Taratibu hunyanyua kichwa akakutazama, kama mtoto wa skuli anayeitwa jina darasani. Hilo ndilo jambo la taratibu pekee alilonalo.

Mimi nawaogopa ng'ombe. Sifichi. (Nilificha miaka thelathini, leo nimefichuliwa.) Ndiyo maana nilinunua ile lenzi ndefu, inayovuta kitu cha mbali kikawa karibu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: ng'ombe abaki kwao, mimi nibaki kwangu, na kope zake nizipate. Lakini lenzi ndefu ikiona mbali, huona na mtetemeko pia. Mwaka jana niliiweka juu ya miguu mitatu ya bati jepesi niliyoitoa Unguja, ile inayochomoka kipande ndani ya kipande. Kaskazi ikavuma. Miguu ikatetemeka, na kichwa chake cha kushikia lenzi, kile cha kigololi, kikawa kinainama chenyewe kwa uzito wa lenzi kama mtu anayesinzia. Picha ilitoka wingu lenye pembe.

Mzee Shaame aliitundika vivyo hivyo. Kila mgeni aliyeuliza ile ni nini alijibiwa bila hasira: "Yuno ndo Taratibu. Yumo ndani ya moshi."

Tangu hapo, kuanzia Kengeja mpaka Mkoani, jina langu ni Bwana Moshi. Juzi juzi alikuja bwana harusi mmoja hapa Chake kutaka picha, na kabla hajakaa akaniuliza kama moshi upo au haupo.

Wiki mbili zilizopita nikaletewa ujumbe wa Mzee Shaame. Taratibu kazeeka, mguu wa nyuma unamsumbua, atacheza mara moja tu kisha basi. "Mwambieni Bwana Moshi aje amtoe ng'ombe wangu mle moshini mwake," ndivyo alivyosema, na aliyeleta ujumbe akaomba radhi kwa neno "moshini", hakuwa na uhakika kama ni neno. Iliniuma. Mzee yule anampenda fahali wake kuliko watu wengi, na ukumbusho wake niliuharibu mimi. Nikaapa kwamba safari hii picha itatoka safi, hata upepo uvume wa kung'oa minazi.

Nikaenda kwa Fundi Hamadi, anayetengeneza vitanda. Nikamweleza nataka miguu mitatu ya mti mzito, minene juu, yenye ncha za chuma chini za kudidimiza ardhini, isiyo na vipande vya kuchomoka wala kiguzo cha kati cha kupandisha, maana kila unapopandisha ndipo unapoualika upepo. Akauliza kwa nini mitatu, kitanda kina minne. Nikamwambia mafiga ni matatu na chungu hakijapata kumwagika kwa ardhi mbovu. Akakubali.

"Miguu n'tafanya," akasema. "Kichwa utafute mwenyewe. Na mie tangu n'kujue sijakuona nacho."

Kichwa nilikipata. Cha chuma, kizito, kina mkono wa kuzungushia na skrubu mbili za kukazia, moja ya kwenda huku na huku, moja ya juu na chini. Ukikaza kimekaza. Tukaweka bakuli la maji juu yake, Fundi akaupiga mguu mmoja konde. Maji yakatikisika mara moja yakatulia. Kwenye ile ya Unguja tulipofanya vile, maji yalitikisika mpaka tukaenda kunywa kahawa. Mwisho Fundi akanitilia kulabu katikati, chini ya kichwa, ili pakiwa na upepo mkali nining'inize uzito. Kumbukeni kulabu hiyo.

Leo asubuhi wakati natoka, mke wangu akanishikisha lenzi fupi. Nikamuuliza ya nini. Akasema huwezi kujua. Nikamwambia, "Mimi ng'ombe simkaribii. Ya karibu ya kazi gani?" Nikairudisha kabatini kwa mkono wangu mwenyewe.

Kengeja nilifika saa saba. Upepo ulikuwa ule ule wa mwaka jana, naona nao ulialikwa. Uwanja umejaa, zumari inalia, ngoma inapigwa, kina mama wamejipanga upande mmoja wanaimba. Mimi nikazunguka kutafuta pahala kwa elimu. Nikahesabu hatua sabini kutoka alipofungwa Taratibu. Nikasimama upande unaotoka upepo, ili unipige mgongoni na usiipige lenzi ubavuni. Nikadidimiza ncha zote tatu. Nikafunga lenzi yenyewe juu ya kichwa, si kamera, ili uzito ulingane mbele na nyuma. Mtu aliyenitazama angesema huyu bwana anajua kazi. (Hakuna aliyenitazama. Baadaye walinitazama wote.)

Ikabaki kulabu. Nikatupa macho nikaona gunia limeegemezwa kwenye banda la Mzee Shaame. Nikalinyanyua. Zito, laini, limetulia. Nikalining'iniza. Nikaigonga lenzi kwa kidole: kimya. Wallahi nilijisikia fundi. Ndani ya gunia mna nini sikuuliza. Uzito ni uzito.

Mchezo ukaanza. Taratibu akatolewa na kamba yake ndefu, vijana wanne wanaishika. Mcheza wa kwanza akaingia na kitambaa chekundu, akazunguka, akapiga magoti mbele yake. Mimi jicho liko kwenye kamera, mkononi waya wa kubonyezea, nangoja ashushe pembe. Niliona manyoya ya shingo yake moja moja. Nilikuwa na furaha ambayo sitaisahau, ilidumu kama robo dakika.

Taratibu akanyanyua pua.

Akanusa. Kitambaa kikapita mbele ya macho yake, hakukitaka. Akageuza kichwa akanitazama ndani ya lenzi, mimi na yeye tu. Kisha akaanza kukua. Mwanzo nilidhani lenzi imevuta zaidi. Akajaa uso mzima, halafu jicho na pua, halafu pua peke yake. Ndipo nikatoa jicho kwenye kamera na kuona kwamba kamba haina mtu.

Sikumbuki kuamua chochote. Nakumbuka kubadhi langu moja lilibaki. Nakumbuka mti wa kwanza nilioufikia ulikuwa mpapai. (Mfenesi ulikuwepo, hatua tano mbele. Nimeuona baadaye.) Nikaupanda. Mpapai si mti wa kupandwa na mtu mzima, tena kaskazi ikivuma. Ukainama huku, ukainama kule, na mimi juu nimekumbatia mapapai mawili. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, kamera ilikuwa imetulia na kinachotetemeka ni mpiga picha.

Zumari ikakatika. Nikatazama chini. Taratibu amesimama mbele ya miguu yangu mitatu, kwa adabu kubwa, kaingiza kichwa katikati yake bila kuugusa hata mmoja. Akalivuta gunia. Likapasuka. Zikamwagika pumba za mpunga zilizochanganywa na machicha ya nazi na chumvi. Akaanza kula.

Kumbe kila siku ya mchezo, akimaliza, hupewa gunia lile. Analijua. Mimi nililitundika kwa kulabu, nikasimama upande unaotoka upepo, nikampelekea harufu moja kwa moja puani. Mtu asiye na elimu yangu asingeweza.

Kina mama wa Kengeja hawahitaji muda. Nilikuwa bado mpapaini niliposikia wimbo mpya, na unapigiwa makofi:

"Mitatu yasimama, miwili yakimbia."

Huo ndio wimbo wote. Waliurudia mpaka niliposhuka, na niliposhuka nilishuka pamoja na papai moja na ngozi ya goti.

Mzee Shaame akaja polepole na bakora yake. Hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi. Akaweka mkono juu ya nundu ya fahali wake, akanigeukia. "Ng'ombe hana haja nawe. Kafuata pumba zake. Haya, vino katulia. Piga."

Pale ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Maana lenzi ile, jamani, haioni kitu kilicho chini ya hatua kumi na tano. Kila kitu cha karibu kwake ni moshi. Na ile inayoona karibu imo kabatini Chake.

"Mzee," nikasema, "yu karibu mno."

Akaegemea bakora yake. "Mwaka jana kawa mbali mno. Mwaka huno yu karibu mno. Wataka awe wapi?"

Nikang'oa miguu yangu, nikaenda nayo hatua ishirini nyuma, pale uwanja ulipo wazi kabisa. Nikasimamisha upya. Ardhi ni ngumu, ncha hazizami, na kulabu haina kitu. Nikaigonga lenzi. Ng'ombe na mzee wote wawili wakatetemeka machoni mwangu. Nikaomba gunia jingine. Bi Mize, mkewe Mzee Shaame, alikuwa kafika kulitafuta lile la kwanza, akaniambia magunia ya watu hayachukuliwi bila hodi na kwamba jingine sipewi. Nikaomba mawe. Mzee akaonyesha kwa bakora: pumba zilikuwa zimebaki kama pishi moja. Zikimalizika, fahali hana sababu ya kukaa.

Basi nikafanya nililofanya. Nikalenga, nikakaza skrubu zote mbili, nikapanga kila kitu. Kisha nikaingia chini ya miguu mitatu, nikachuchumaa, nikaikamata kulabu kwa mikono miwili nikajining'iniza. Ikatulia. Uzito ulipatikana, ila mikono ya kubonyeza waya haipo tena. Wanaume wa Kengeja walikuwa wamekaa chini, hawawezi hata kusimama kwa kicheko. Aliyesimama alikuwa Bi Mize.

Nikamwomba. Akashika waya, akachungulia. Mimi kule chini sioni kitu isipokuwa miguu yake na vumbi.

"Namuona," akasema kwa sauti ndogo. "Na mume wangu namuona. Ila ng'ombe kainamia pumba, uso hauonekani."

Nikaogopa atabonyeza kwa nguvu aitikise kamera. Nikapiga ukelele kutoka chini: "Polepole, Bi Mize! Taratibu!"

Taratibu akanyanyua kichwa.

Nikasikia kamera ikilia, kah, mara moja.

Bi Mize akarudisha waya, akatengeneza buibui lake. "Kan'tazama," akasema. Nilipotoka chini nikamkuta Mzee Shaame kageukia umma, na mbele ya watu wote akatoa hukumu, na kina mama wakaiitikia.

"Picha ikitoka safi, kapiga Bi Mize. Ikitoka moshi, kapiga Bwana Moshi."

Nimerudi. Filamu nimeshaiosha, inaning'inia hapa mbele yangu kwenye kamba. Mke wangu ameishika kwa ncha akaitazama kwenye mwanga. Fahali kanyanyua uso, pembe zote mbili, pumba mdomoni, unaweza kuzihesabu. Mkono wa mzee uko juu ya nundu, na mzee mwenyewe anatabasamu, kitu ambacho sikujua kwamba kilitokea maana nilikuwa chini. Kazi yangu ya miaka yote haijapata kutoa picha kama hiyo.

"Hii umepiga wewe?" akaniuliza.

Basi mkifika Kengeja mkaiona ukutani kwa Mzee Shaame, sifa mpelekeeni Bi Mize. Mimi nilikuwa gunia.