Mvua Niliyoinyeshesha kwa Kalamu

Jumatatu, 10 Machi 2025. Mvara.
Moyo umechoka. Daktari kasema hivyo, nami nilikwisha kujua. Bora niandike kabla sijaondoka.
Leo kaja Moris, msemaji wa Umoja wa Wakulima Wasiodanganyika, wale wanaozunguka na vipaza sauti wakisema hali ya hewa haijabadilika hata kidogo. Kaniletea fulana na kijitabu. Jaladani picha yangu! Ndani, vipimo vyangu vya mvua vya miaka ishirini, nilipokuwa mhadhiri wa jiografia na mtunza kipimamvua cha chuo. Ndio ushahidi wao mkuu: kila mwaka mvua karibu ileile. Jumamosi watajadiliana na wasomi huko Koboko, na wakulima wataamua wapande sasa, kama kijitabu kinavyosema, au wangoje. Nimealikwa kuwa mgeni wa heshima. Nikakubali. Nikavaa na fulana.
Aibu. Kipimamvua kilikuwa bondeni. Kila siku saa tatu asubuhi ilinipasa kushuka kwenye umande kukisoma. Mwaka 1988 nilishuka. Miaka iliyofuata nilishuka nilipojisikia. Siku nyingine nilinakili tu vipimo vya 1988.

Jumanne, 11 Machi.
Dkt. Mindra! Mwanafunzi wangu bora kupita wote, sasa kiongozi wa wasomi wanaomjibu Moris. Kaja kwa boda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliuliza kwa nini vipimo vyangu vinapingana na vya vituo vingine vyote. Wenzake wanasema mzee alidanganya. Yeye amewakatalia: Mwalimu wake hawezi.
Nilimeza chai ya moto kwa mkupuo mmoja. Nikamjibu kwamba bonde lile lina hali ya hewa yake ya pekee. Akaandika!
Alipoondoka nikafungua kijitabu. Tarehe 29 Februari 1989: milimita 14. Tarehe 29 Februari 1990: milimita 14. Mungu wangu. Mwaka 1988 Februari ilikuwa na siku ishirini na tisa. Miaka hiyo miwili haikuwa nazo. Nimenyeshesha mvua siku ambazo hazikuwapo duniani.

Alhamisi, 13 Machi.
Mpango wa kwanza: kumsingizia marehemu Obeti, aliyekuwa akifyeka nyasi za chuo. Niliandika kurasa mbili za kumlaumu. Zilikuwa nzuri sana. Kisha nikakumbuka ni yeye peke yake aliyekuwa akinijia kusema kopo la kipimamvua limejaa, niende nikasome. Nikazichana.
Mpango wa pili: ugonjwa. Nililala, nikaguna. Binti yangu Daisy akamwita muuguzi jirani. Akanipima, akasema leo presha yangu ni nzuri kuliko yake. Daisy akanifunua blanketi. "Baba, kufa bado. Koboko kwanza."

Jumamosi, 15 Machi. Koboko.
Uwanja ulijaa. Moris alinitambulisha kama profesa. Sijawahi kuwa profesa. Sikumsahihisha.
Mindra akasimama kunitetea. Bonde la pekee, mbele ya watu wote! Wasomi wenzake wakatazama viatu vyao.
Ndipo akainuka mama mmoja, Night Poni, mkulima wa mtama. Alieleza kwamba mwaka jana alifuata tarehe za Moris. Alipanda Machi, mbegu zikakauka. Akapanda tena, zikakauka. Akanigeukia. "Mzee, mimi iko na debe moja tu ya mbegu. Hii mvua ya kitabu, uliona na macho yako?"
Nikasema sikuiona. Nikasema yote: bonde, umande, kunakili, Februari. Kisha kicheko, kutoka nyuma mpaka mbele. Moris akapaza sauti kwamba mzee amenunuliwa na wazungu. Poni akamkata: "Wewe nyamaza! Mutu amesema mwenyewe!"
Wakulima wakakubaliana kungoja. Poni akajitwika debe lake, akaenda nalo nyumbani likiwa zima.
Mindra hakucheka. Aliikunja ile karatasi yenye bonde langu, mara mbili, taratibu. Hicho ndicho kitakachoniua, si moyo.

Jumatano, 19 Machi. Mvara.
Mindra kaja. Sikutarajia. Kaleta madaftari yenyewe ya vipimo vyangu kutoka stoo ya chuo. Alisema wasomi wanaandika jibu rasmi, na siku nilizoshuka kweli bondeni, hata zikiwa chache, bado zina thamani. Niziwekee alama. Nisizozikumbuka niziache wazi. Nikilazimisha, Moris atawararua. Akanishika mkono, akaniita tena Mwalimu. Nililia. Niliahidi.
Nilianza mara moja. 1988: alama kote. 1989: sikumbuki, wazi. 1990: sikumbuki, wazi. Kufika 1993 kurasa zilikuwa tupu mno. Zingemhuzunisha, na ametoka mbali. Nikaweka alama chache Aprili. Mei ikaonekana pweke, nikaweka na Mei. Mwaka 1996 mwandiko wangu ulikuwa mzuri mno kuachwa hivihivi.
Miaka yote ishirini, kabla ya chakula cha mchana! Mindra atafurahi.