Mkalimani wa Pampu

Jumatatu, 1 Septemba 1975
Sijamwambia mtu, hata mama: miaka saba ya shule imeniachia neno moja tu la Kiingereza. Good. Lakini linasifu ugali, linamwamkia mwalimu, linambembeleza mtoto. Linatosha.
Mwenyekiti wetu, Mzee Zefania, ametangaza kwamba Alhamisi anakuja Mzungu wa visima. Akiona tuna shida ya maji, tutapata pampu. Anatakiwa mkalimani. Nimenyoosha mkono. Dina, niliyemaliza naye shule, naye kanyoosha. Nimechaguliwa mimi, kwa sababu nilimpa Mzee shikamoo kabla yake.

Jumatano, 3 Septemba
Dina ameniuliza mbele ya wasichana wote, "Ee Yustina, tope kwa Kizungu ni nini?" Nikaangalia chini. Nina haya, si ujinga. Tangu tuhamishiwe hapa tunafukua maji mchangani mtoni, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Mgongo wa mama umeisha. Pampu ikija, Dina atapanga foleni nyuma yangu.

Alhamisi, 4 Septemba
Mzungu hana adabu. Ameonyesha ndoo yetu ya maji, akauliza. Nikajibu good. Ningejibuje? Ukiulizwa habari, hata kama kuna msiba ndani, kwanza ni nzuri. Kisha ndipo unaeleza. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa mikono. Yeye ameshaandika! Akaonyesha njia ya mtoni. Good. Akaonyesha mtoto anayeumwa tumbo. Good. Mara zote hakungoja. Hata kiti alikataa.
Mzee Zefania akauliza, "Amesemaje, binti yangu?" Nikamwambia mambo ni good.

Jumatatu, 22 Septemba
Barua imefika. Hali ya maji yetu ni nzuri, pampu inakwenda kijiji cha jirani. Huko hawakuwa na mkalimani. Bibi mmoja alimpa Mzungu kikombe cheupe cha maji yao ya tope, akamwambia, "Kunywa, baba." Tangu lini mgeni akapewa uchafu? Na ndio wanaozawadiwa.
Mama amechukua ndoo, ameondoka kwenda mtoni.

Jumapili, 28 Septemba
Mwezi ujao anakuja Mzungu wa zahanati. Mzee Zefania amenichagua tena, kwa kuwa ndimi mwenye uzoefu. Dina hakunyoosha mkono. Anauliza watu nani ana kikombe cheupe. Mshamba. Mimi nafanya mazoezi ya kujibu kwa sauti kubwa zaidi. Good. Good.
Nawe, daftari, Dina akikufungua, jifanye hujaandikwa.