Jogoo Aliyefuatwa Kuokolewa

Vijana, nyie mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya mgeni, na mdomo umejaa nyama. Nawaandikia mwenyewe kabla jirani hajawafikishia habari yake, maana yeye akisimulia hutia chumvi.

Mnawakumbuka vishingo wetu? Wale kuku wasio na manyoya shingoni, shingo nyekundu kama mtu aliyeungua jua? Zamani walikuwa Rungwe nzima. Halafu biashara ikafunguliwa. Maduka ya Tukuyu yakajaa kila kitu, na magari yakaanza kushusha vifaranga weupe kwenye maboksi. Watu wakachanganyikiwa. "Kishingo ni kuku wa kishamba," wakasema. "Anatia aibu uani." (Aibu! Shingo ya kuku!) Wakawauza, wakawala, wakaweka majogoo weupe. Mimi nikakataa. Mama yangu alinipa tetea na jogoo wa namna hiyo siku naolewa, sikuona kwa nini nibadili damu kwa ajili ya boksi.

Mpaka leo asubuhi nilikuwa na mitetea wachache na jogoo mmoja. Tulimwita Balozi, kwa kuwa kila kukicha alipita nyumba zote za jirani akikagua. (Balozi wetu wa nyumba kumi, yule binadamu, alinuna kidogo. Akazoea.)

Sasa kuna kijana anaitwa Hamisi, anazunguka kutafuta kuku wa asili wanaopotea, ili mbegu zao zisiishe. Alikwenda Ikuti, akapanda na kushuka milima, akakuta tetea wa kishingo huku na huku, lakini jogoo hakuna. Mtu akamwambia, "Nenda Makandana kwa yule bibi mkali." (Mkali mimi?) Akanipigia simu kuwa anakuja, na mpango wake ulikuwa mzuri. Balozi abaki kwangu, mitetea wa watu waletwe kwake, vifaranga wagawanywe vijijini. Yaani mbegu yote ilikuwa inamtegemea Balozi peke yake.

Leo nikajipanga. Mgeni lazima ale kuku, hilo sijadiliani na mtu. Nikanunua jogoo mweupe sokoni, nikamfunika kwa tenga nyuma ya jiko. Nikamwita Atuganile, mke wa mwanangu Ambokile.

"Leo kuna mgeni. Akishamshika kuku, unajua kazi yako."

"Ndiyo, mama."

Basi. Sikumwambia yule mweupe ni wa nini. (Maneno mengi asubuhi hunichosha.)

Kwa nyie mliokulia mjini: kwetu hapa mgeni wa heshima hachinjiwi kuku kimya kimya. Analetewa akiwa hai, anamshika kwa mikono miwili, anamtazama, kisha anamrudisha kwa wenye nyumba. Akishamrudisha, amepokea. Kinachobaki ni kisu. Na mkamwana mwenye adabu haulizi maswali mbele ya mgeni. Hilo nimemfundisha Atuganile mimi mwenyewe, na nimelifundisha vizuri kupita kiasi.

Hamisi akafika, viatu vimejaa tope, kamera inaning'inia kifuani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Nikamleta Balozi mwenyewe, nimemkumbatia. Kijana akamshika kwa mikono miwili. Akamgeuza. Akafunua bawa, akagusa shingo, akacheka peke yake kama mtoto aliyepewa viatu vipya.

"Bibi, huyu ni mali!"

"Najua."

"Nimpige picha?"

"Wingu limeshuka, utapiga picha ya ukungu. Subiri kidogo."

Mvua ikaanza palepale, ile yetu isiyobisha hodi. Tukakimbilia ndani. Hamisi akamkabidhi Balozi kwa mtu aliyekuwa karibu naye. Atuganile. Atuganile akapiga goti, akampokea kwa mikono miwili, akaondoka naye. Nikasema moyoni: mwanamke mwenye akili huyu, anamrudisha bandani asilowe.

Tukakaa. Nikamimina chai, nikajisifu. Nilijisifu leo kuliko siku zote za maisha yangu! Nikamwambia yule kijana, "Watu wa hapa hawana subira. Wakiona cha wageni, wanachinja cha kwao." (Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.) Mvua haikukatika. Harufu nzuri ikaanza kutoka jikoni.

Chakula kikaja: wali, ndizi, bakuli la mchuzi. Hamisi akapewa firigisi kama inavyopasa. Akatafuna. Akafumba macho.

"Bibi, kuku huyu ana ladha!"

"Wa kisasa tu huyo," nikamwambia. "Wa sokoni. Nyama yao maji matupu."

Nami nikachukua paja. Nyama imekaza, tamu, mchuzi una mafuta ya njano. Nikashangaa. Nikasema kumbe hata hawa weupe wakipata mpishi wanafaa. Nikaongeza kipande.

Mara hodi. Alikuwa Mzee Shabani, jirani yetu fundi viatu. Hamisi ni Mwislamu, kwa hiyo Atuganile alimwita mzee achinje. Nalo hilo sawa kabisa. Leo kila mtu alifanya kazi yake sawasawa isipokuwa mimi.

"Mama Ambokile, nimefuata shingo yangu," akasema. Ndiyo haki yake kila akituchinjia. "Na leo haikunisumbua, haina hata unyoya mmoja!"

Nikacheka. "Mzee Shabani, kuku akishanyonyolewa, wote vishingo."

"Mimi nasema kabla ya kunyonyolewa."

Nikaacha kutafuna. Huko nyuma ya jiko jogoo akawika. Sauti ya kitoto, ikakatikia katikati. Balozi hawiki hivyo.

"Atuganile! Nani huyo anawika?"

"Yule mweupe wa kwenye tenga, mama."

"Si ndiye tunayemla?"

Atuganile akapiga goti mlangoni. Nadhani hata mvua ilitulia isikilize.

"Mgeni alimshika Balozi, mama. Kwa mikono miwili. Akamrudisha."

Mzee Shabani akadakia, "Hata mimi nilimwuliza, 'Balozi? Kweli?' Akaniambia mgeni amekwisha mshika. Nikasema loo, Mama Ambokile kampenda mgeni huyu! Nikapiga bismillahi."

Hamisi akaweka kipande sahanini polepole. Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Bibi," akasema, "nimekanyaga tope lote lile kuja kumla?"

Nikaitazama sahani yangu. Ulibaki mfupa.

Mnataka kujua kama nilimgombeza Atuganile. Ningemwambia nini, kwamba ametii? Alikuwa analia jikoni. Nikaenda nikakaa naye, kila mmoja na kigoda chake, tukitazama manyoya kwenye ndoo. Manyoya ya kahawia, bado yanang'aa. Damu ile mama yangu aliipata kwa mama yake. Imevuka njaa. Imevuka ugonjwa wa kideri uliomaliza mabanda ya watu. Imevuka maboksi ya vifaranga. Imekuja kukwama kwenye adabu, nyumbani kwangu, mchana wa leo. Hata picha hatuna.

Hamisi akaja akasimama mlangoni mwa jiko. Mgeni jikoni! Siku nyingine ningemfukuza.

"Bibi, mitetea walikuwa naye leo?"

"Tangu alfajiri. Hakuwa mvivu."

"Basi bado wanayo mbegu yake kwa siku chache. Kila yai watakalotaga, weka. Tukijaliwa, atatoka jogoo."

Tukijaliwa. Hilo nalijua, kila mfuga kuku analijua. Ila yai halina mkataba na mtu. Linaweza kukupa tetea watupu, linaweza kukupa uvundo. Nikamwambia nimesikia. Akanipa pole, nikampa pole, tukawa kama watu wawili waliofiwa na mtu mmoja, na wote wawili tumeshiba.

(Mzee Shabani shingo yake aliichukua. Haki ni haki.)

Mvua ilipokatika nikawaita wote uani, wakubwa kwa watoto, Ambokile mbele, Atuganile macho mekundu. Sikupandisha sauti. Nikasema:

"Kuanzia leo hapa yai halichemshwi, halikaangwi, haliuzwi, hata mtoto agaegae chini. Linakwenda kwa kuku anayeatamia. Na mgeni akija, awe mchungaji, awe shehe, awe mkuu wa wilaya, anakula maharage. Na mikono yake aiweke mapajani."