Nasike Ataingia Darasani kwa Miguu Yake

Jumanne, 30 Desemba

Nimefika Kitale salama kutoka Misikhu. Kitabu nacho kimefika salama, ndani ya taulo. Kinaitwa Wajibu wa Mtoto Siku ya Kwanza Shuleni. Maneno ni yangu. Picha ni za Mukhisa, yule anayechora mabango ya bucha. Nakiri kwamba mwalimu wa ukurasa wa kwanza ana shingo nene na pua pana, kwa kuwa Mukhisa amezoea mafahali. Lakini mwalimu asiye na shingo ataheshimiwaje?

Sababu ya safari: mjukuu wangu Nasike anaanza chekechea Jumatatu, naye ameapa haendi. Mama yake, Wilkista, ndiye mwalimu wa darasa hilohilo. Amesema mtoto akikataa kuingia mbele ya watoto wa watu, atampeleka Ndalu kwa bibi yake, angoje mwaka mwingine. Mwaka mzima! Mjukuu wa Mwalimu Wangila, akichunga bata! Nimempa mwanangu ahadi: Nasike ataingia darasani kwa miguu yake, na kitabu changu ndicho kitakachomwingiza.

Silali kwa mwanangu. Baba mkwe halali nyumbani kwa mkamwana wake, haketi naye chumba kimoja, hampi mkono. Desturi ni kama sarufi. Ukiruhusu kosa moja leo, kesho watu watakula na wakwe zao na kusema "kitabu yangu". Nimefikia kwa rafiki yangu Abdihakim, nyuma ya msikiti.

Pigo! Mkewe, Fadumo, fundi cherehani, naye ana kitabu cha watoto. Cha kitambaa! Ameshona picha za mwanambuzi anayeogopa shule. Kimekunjwakunjwa, ukikikunjua kinakuwa kirefu kama leso. Ukurasa mmoja una neno moja tu: "Meee." Hakuna kiima, hakuna kiarifu. Wilkista amekubali vyote viwili visomwe Jumatatu, na kitakachopendwa kibaki darasani. Nimempongeza Fadumo. Nilifanya hivyo kwa taabu.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya, mbinu mpya. Nimekwenda kumsomea Nasike mapema, ili aizoee sauti ya elimu. Wilkista alikuwa sebuleni, kwa hiyo sikuweza kuingia. Nikasimama nje chini ya dirisha, nikainua kitabu hadi kikaonekana ndani, nikasoma kwa sauti ya gwaride. Sikuhitaji kuangalia. Nimekihifadhi chote.

Kimya. Nikadhani ameguswa. Kisha mayowe.

Mwanangu akatoka. Nasike alikuwa chini ya kitanda, anasema hataki ng'ombe ya shule. Nikasahihisha: ng'ombe wa shule. Mwanangu akauliza kama siwezi kuingia angalau mlangoni, mtoto aone kwamba ni babu yake. Nikamwuliza kama amesahau alikozaliwa.

Jioni Fadumo ameniuliza kitabu kilipokewaje. Nimemwambia mtoto alivutiwa mno, hata akatafuta mahali pa faragha pa kutafakari.

Ijumaa, 2 Januari

Abdihakim yuko msikitini. Fadumo yuko sokoni. Kitabu cha mbuzi kilikuwa juu ya cherehani, peke yake, kinanitazama.

Si wizi. Ni kuahirisha tu. Nimekiviringisha ndani ya shati langu chafu na kulisukuma chini ya kitanda. Jumatatu jioni kitaonekana, nami nitakuwa wa kwanza kushangaa.

Jumamosi, 3 Januari

Binti yao, Suad, ana adabu iliyopita kiasi. Nikiwa matembezini, amekusanya nguo zote chafu za mgeni akazifua. Kitabu kikiwemo!

Niliporudi nilikikuta kambani, kimekunjuliwa mwanzo hadi mwisho, kati ya suruali yangu na shuka. Uzi haukuchuja hata kidogo. Watoto wa mtaa wote walikuwa wamejaa uani, wanafuata picha moja baada ya nyingine, wanapiga kelele za mbuzi. Fadumo akaja kunishukuru! Alidhani nimekipeleka kifuliwe kwa ajili ya Jumatatu. Nikajibu kwamba usafi ni wajibu wa kila mwalimu.

Baya zaidi: mwanangu alimleta Nasike kunijulia hali. Mtoto akasimama chini ya suruali yangu akaangalia picha ya mwisho, ambapo mwanambuzi anamkuta mwenzake akilia na kumwambia, "Twende wote." Akarudia kurasa zote tangu mwanzo. Akarudia tena. Nilikiinua kitabu changu juu ya shuka, akione. Akashika suruali yangu ya kambani, akajificha nyuma yake.

Nimempigia Mukhisa simu, nikamwomba aje Kitale amchore upya mwalimu akitabasamu.

"Mwalimu," akasema, "mimi kucheka najua kuchora kwa aina moja tu. Ile ya ng'ombe amefurahi kuingia bucha."

Nimemwambia tuache kama ilivyo.

Jumatatu, 5 Januari

Siku yenyewe!

Vilio tangu langoni. Nasike alikuwa uwanjani, amekumbatia mguu wa baba yake kama kupe. Haendi mbele, harudi nyuma. Wilkista alikuwa ndani na watoto wengine, na Fadumo ameshaketi mkekani na mbuzi wake. Mlango wazi, mkamwana ndani. Sikuwa na njia.

Ila dirisha! Nikazunguka upande wa uwanjani. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Fadumo, lakini mwenye haraka hangoji kualikwa. Nikainua kitabu, ukurasa wa kwanza, nikanguruma: "Mtoto mpya hana budi kunyamaza!"

Hakuna aliyenyamaza. Darasa zima lilipasuka kwa kilio. Mtoto mmoja, Kipketer, alitoka mbio na kiatu kimoja, akashikwa na mlinzi karibu na tangi la maji.

Lakini Nasike, kutoka pale uwanjani, kwa mara ya kwanza aliiona picha yote: kitabu, mkono, koti, na mimi. Akauachia mguu wa baba yake. Akaja taratibu, akatazama juu.

"Kumbe ni wewe, kuka?" Kuka ni babu kwa lugha ya kwetu.

Nikakubali kwamba ni mimi.

Akanipita. Akaingia darasani, peke yake, kwa miguu yake. Nikasikia sauti yake ndani, kubwa kuliko vilio vyote.

"Msilie. Hakuna ng'ombe. Ni kuka yangu tu. Yeye huogopa kuingia."

Kisha nikamsikia akimwambia mtoto fulani, "Twende wote." Fadumo akaanza na "Meee" yake, darasa likaitikia, na baada ya hapo hakuna aliyelia.

Wilkista alikuja dirishani, amenipa mgongo kama inavyompasa.

"Baba, asante. Nasike ameingia. Lakini kesho tafadhali pumzika."

Sikuwa nimesahihisha "kuka yangu".

Jumanne, 6 Januari

Nimepumzika, nimetafakari.

Ahadi imetimia. Ushahidi ni wazi: nilisoma, akaingia. Leo pia amekwenda, na haendi tena Ndalu. Hata hivyo kitabu cha mbuzi ndicho kilichobaki darasani, na changu kimerudishwa ndani ya taulo lake. Kwa nini? Maneno yangu ni mengi kuliko ya Fadumo. Mwalimu wangu ana shingo nene kuliko mbuzi wake.

Saa nne nikapata jibu. Usafi! Cha Fadumo kilifuliwa Jumamosi na kikapata wasomaji papo hapo, kambani. Changu kina alama za vidole tangu Misikhu. Watoto hupenda kitabu safi.

Nimemwomba Suad beseni na sabuni ya unga. Akakigeuzageuza.

"Babu, si hiki ni cha karatasi?"

Nimemwambia kwamba sikustaafu ualimu ili nifundishwe kufua.

Sasa kimelowekwa. Maji tayari yamekuwa mekundu na meusi. Uchafu unatoka vizuri sana. Nimejiwekea nafasi katikati ya kamba, mahali ambapo watoto wa mtaa wataona bila kusukumana.