Mpiga Pasi wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

...kwa hiyo, kama nilivyokuwa nasema, hakuna mwanamke aliyeolewa vizuri kuliko mimi. Mume wangu, kinyozi wangu! Hata mlango anaufungua taratibu, kama mlango una usingizi. Leo ameuliza tena, fungate yetu kwa mama yake tutakwenda lini. Nimemwambia asubiri kidogo, moyo wangu. Tajiri wa duka la dobi atachagua kiongozi wa wapiga pasi mwisho wa mwezi. Mpinzani wangu ni mmoja tu: Bi Kola, anayenyoosha kola za mashati kama anazibembeleza. Nikimshinda, mama mkwe atanipokea kwa vigelegele!

Wifi yangu, muuguzi, alipita jioni. Kaniangalia sana. Kasema kazi humla mtu kimyakimya: unalala huburudiki, unasahau ulichofanya sasa hivi, unawaka kwa jambo dogo, mikono inafanya kazi na mwenyewe hupo. Nikashtuka. Masikini Bi Kola! Dalili zote anazo!

Jumanne, 4 Machi

Nimemnong'oneza tajiri kwamba Bi Kola amechakaa. Kampa likizo papo hapo, na meza yake nimepewa mimi. Ushindi! Bi Kola akafunga mkoba wake, akasema haya bibi harusi, meza mbili hizo, mikono ni ile ile miwili, usije ukamnyoosha na mumeo. Wivu huo!

Alhamisi, 6 Machi

Jambo la ajabu. Nimerudi nyumbani kutoka kazini, nikakaa kitini nipumzike kidogo. Kuinua macho, pazia limenyooshwa. Huku linaning'inia! Taulo pia. Soksi za kinyozi wangu zina mstari katikati, kama suruali ya bwana harusi. Pasi ya moto kabisa. Na kwenye pindo la pazia, uzi wa kijani. Dukani kila mpiga pasi hushona uzi wa rangi yake ndani ya pindo, ili nguo ikirudi na kasoro ijulikane aliyeinyoosha. Kijani ni changu. Kuna mwanamke ameiba rangi yangu, na anaingia nyumbani kwa watu waliooana juzi!

Mume wangu amesema hakuna aliyeingia. Alikuwa mlangoni akinoa mikasi. Akauliza kwa upole, mke wangu, huoni kuwa ni wewe? Nimemfokea mpaka majirani wakazima redio. Halafu nikalia, kwa sababu ana kope nzuri.

Jumamosi, 8 Machi

Mtego! Nimeleta uzi wa njano, nikauficha ndani ya mto, sikumwambia mtu. Mchana nikakaa kitini kulinda. Nikasikia pasi ikipumua. Fuu. Fuu. Mtu akawa anaimba wimbo wa harusi yetu, polepole, bila maneno. Nilitaka kugeuka. Mwili mzito kama blanketi lililoloa.

Nilipozinduka, mume wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameganda. Shati alilovaa lina uzi wa njano kwenye pindo la mkono. Eti nimemshona mimi, macho wazi, huku nikimwita mteja. Mimi! Basi huyo mwanamke anasoma mawazo. Na sura yangu kaiba.

Baadaye akanichana. Nywele zikabaki kwenye kitana, nyingi. Kisha akasema ameshika vichwa vingi, na kichwa cha namna hii ni cha mtu aliyekwisha. Mpenzi wangu ana maneno!

Jumatatu, 10 Machi

Ameniomba tuondoke leo kwa mama yake, nilale mpaka nichoke kulala. Kasema alioa mtu, lakini kila jioni anakuta mikono tu. Nikamwambia mwisho wa mwezi. Akachukua begi, akaitia na pasi humo, akaondoka. Ananisubiri kule. Mwezi ukiisha hajaniona, atajua nimechagua nini, na hatarudi. Nimelia sana. Ameondoka na shati lenye mikunjo!

Alhamisi, 13 Machi

Akili imefunguka! Kwa nini nimfukuze huyo mwanamke wakati naweza kumtumia? Nimeazima pasi kwa jirani, nikabeba mashati ya wateja, nikayaacha mezani, nikakaa kitini. Kufumbua macho, yote yamenyooka, kola safi kuliko za Bi Kola. Halali, hali, haombi likizo! Cha kushangaza, mimi ndiye ninayezidi kuchoka. Lazima ni hali ya hewa.

Ijumaa, 14 Machi

Bi Kola amerudi kazini kabla ya siku zake, amenawiri. Kasema, cheo chukua tu, mwanangu, mradi kikukute mzima. Maneno ya mtu aliyechoka hayo! Nimemwonea huruma.

Tajiri amenisalimia, nikasikia mdomo wangu umeshajibu. Safi. Nabaki na nguvu za kazi.

Jioni kinyozi wangu kapiga simu. Nimemsikia akilia kule, akiuliza, mke wangu, ni wewe kweli? Sauti yangu ikamjibu vizuri sana, kwa mahaba, bila kusita. Mimi nilikuwa kitini. Simu ilikuwa upande wa pili wa chumba, penye pasi.

Jinsi huyo mwanamke alivyomtuliza! Nisingeweza mimi, kwa uchovu huu. Nimesikia akimwahidi, nami nimeitikia kwa kichwa: usilie, mpenzi, kabla ya mwezi kwisha, mmoja wetu atakuja.